Mwali wa Dunguni

Lengelenge la kwanza nililiona nyuma ya sikio lake, pale stendi ya Ikwiriri, nilipokuwa nampokea mpwa wangu kutoka kwa mama mmoja aliyesafiri naye kutoka Mohoro. Lilikuwa dogo, limejaa maji, linang'aa. Mtu mwingine angesema ni mbu. Mimi sijawahi kuwa mtu wa kusema ni mbu. Nilimpeleka kivulini, kwenye ukuta wa gesti, nikamfungua kifungo cha gauni nikamchungulia mgongoni. Yalikuwapo mengine: mawili matatu yenye maji, na vipele vyekundu vilivyokuwa ndiyo kwanza vinaamka.

"Mjomba, unatafuta nini?"

"Chawa."

"Chawa wanakaa kichwani," akasema, akanivuta mkono. "Twende nikamwone mtoto."

Huyo mtoto alikuwa mdogo wake, aliyezaliwa siku chache tu kabla. Dada yangu alipokaribia kujifungua, huyu mkubwa, ambaye alikuwa hajafikia umri wa kuanza shule, alipelekwa Mohoro kwa shangazi wa baba yake ili asiwe miguuni mwa watu. Shemeji alikuwa Dar es Salaam anahangaika na biashara ya mitumba. Sasa mtoto alikuwa amerudi, kavuka mto kwa pantoni, kakaa juu ya magunia ya mpunga njia nzima, na hamu yake ilikuwa moja: kumpakata mdogo wake. Nyumbani palikuwa karibu kiasi kwamba kutoka pale stendi niliweza kuuona mnazi wa uani kwetu. Nikasimama namwangalia yeye, namwangalia mnazi, na miguu haikutaka kwenda.

Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, iliyopatikana mwaka uliotangulia. Waliotutangulia, wakimaliza masomo, serikali iliwapangia kazi na kituo. Sisi tuliambiwa zama zimebadilika, sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Nilikuwa nimejitafutia mpaka nikachoka, nikarudi nyumbani, nikapewa kazi ya kuamia, kuwafukuza ndege kwenye mpunga wetu bondeni. Hata hiyo niliifanya kwa kufikiri mno. Nikishika teo la kurushia mawe, nilikuwa napima upepo mpaka ndege wanakula wanashiba wanaondoka wenyewe.

Nikamgeuza mtoto, tukaenda zahanati badala ya nyumbani. Nesi alimwangalia kifuani mara moja tu.

"Tetekuwanga. Wewe uliwahi kuugua?"

Nikamwonyesha kovu langu kwenye paji la uso.

"Mama yake?"

Nikasema mama yake amejifungua juzijuzi, na kwamba sijui kama aliwahi. Nesi akaweka kalamu chini. Akaniambia kwamba kwa mtoto mkubwa ugonjwa huu ni kero tu, lakini kichanga unaweza kukiua, na mzazi ambaye hajawahi kuupata naye yumo hatarini. Mpaka vidonda vyote vikauke na kuwa magaga, mtoto huyu asiingie nyumba ile. Hata kimoja kikiwa na maji, bado. Nimwogeshe, nimkate kucha, nimpe dawa ya homa aliyonipa yeye, aspirini nisithubutu. Nilimuuliza maswali mengi. La mwisho alilijibu akiwa anamhudumia mgonjwa mwingine.

Nilisimama nje ya ua wa nyumbani nikamwita mama. Alitoka na mikono imejaa mafuta ya nazi, maana yeye ndiye aliyekuwa akimkanda kichanga na kumhudumia mzazi. Alipomwona mjukuu wake akafungua mikono.

"Mama, usimguse. Ana tetekuwanga."

"Nisimguse mjukuu wangu? Mimi tetekuwanga iliniogopa tangu wakoloni wapo."

"Wewe ndiye unayemshika kichanga, mama."

Mikono ikashuka. Nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua: dada alishawahi kuugua?

"Nyote mmepita huko," akasema upesi. Kisha akaifuta mikono kwenye kanga. "Au yule alikuwa milimani kwa bibi yenu, mwaka mlipougua nyinyi? Wallahi sikumbuki, wala yeye mwenyewe hakumbuki."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna wa kunijibu, na kwamba ningekuwa salama zaidi nikichukulia hajawahi.

"Nitampeleka dunguni," nikasema. "Nitakaa naye huko mpaka apone."

Mama akanitazama kama anayetazama kiti kibovu kabla ya kukikalia. "Utamuuguza wewe?"

"Mimi."

"Mjomba hajui kupika uji," akasema mgonjwa wangu.

*

Dungu letu lilikuwa kama madungu yote ya bondeni: kibanda cha nyasi juu ya nguzo ndefu, ngazi ya miti, sakafu ya fito na mkeka. Ukikaa pale juu uliuona mpunga wote, ambao wakati ule ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Kutoka dunguni kamba zilisambaa kwenda kila upande wa shamba, zimefungwa kwenye vijiti, na kila kijiti kina kopo lenye vijiwe ndani. Ukivuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka. Chini ya dungu palikuwa na mafiga na mtungi.

Asubuhi ya kwanza mtoto aliamka kajaa malengelenge mwili mzima, mpaka kwenye kope na ndani ya midomo. Nilimpaka dawa ile ya maji, yenye rangi ya waridi, niliyoinunua kwa Mhindi mwenye duka pale mjini, lengelenge moja baada ya jingine, kwa pamba. Nilipomaliza nikaanza upya, nikihofia nimeruka baadhi. Ilipokauka akawa madoadoa mwili mzima.

Dungu la jirani lilikuwa la bibi mmoja mjane, Mndengereko wa kale wa bonde lile. Kwa kuwa sisi ni Wamatumbi, watu wa milimani, alijihesabu mtani wetu na hakukosa kutumia haki yake. Asubuhi ile alisimama dunguni kwake, akaweka kiganja juu ya macho.

"Ee mtani! Umefuga chui humo?"

"Shikamoo bibi. Ni mpwa wangu, anaumwa."

"Marahaba. Mbona umempaka? Au ndiyo mmeshamwingiza mwali? Nyinyi watu wa milimani hamna subira, mtoto meno ya utoto bado yamo kinywani mmeshamweka ndani!"

Kwetu bondeni msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani, haonwi na watu, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mtoto aliyajua hayo, maana alishaona ngoma hizo mgongoni kwa mama yake. Akajitokeza mlangoni pa dungu.

"Mimi si mwali! Mimi nina tetekuwanga!"

"Hayo ndiyo maneno ya mwali," akajibu bibi. "Kila mwali anakataa."

Tangu hapo jina likamganda. Bibi alikuwa akitusalimia hivyo kila kukicha: "Mwali kaamkaje?" Na mgonjwa wangu, ambaye mwanzoni alikasirika, akaanza kujibu, "Mwali hajambo, anawashwa."

Kuwashwa ndiko kulikokuwa vita yetu. Kucha nilishamkata, lakini mtoto akiamua kujikuna anajikuna hata kwa fito za sakafu. Mikono nilimfunga vitambaa. Akavivua kwa meno. Nilimsimulia hadithi. Akawa anajikuna huku anasikiliza. Nilimweleza kwa upole kwamba akitumbua vidonda vitakuwa na makovu, na vitachelewa kukauka, na vikichelewa kukauka atachelewa kumwona mdogo wake. Alinisikiliza kwa heshima yote, kisha akajikuna shingo.

Suala la kuoga nalo lilinikaa kichwani. Mama alikuwa akituletea chakula, anakiweka juu ya kisiki mwanzo wa shamba, kisha anarudi nyuma tunazungumza kwa kupaza sauti. Siku ile ile ya kwanza alinikataza: "Maji yasimguse! Ukimwogesha zitarudi ndani!" Nesi alisema aoge, mama kasema asioge. Nililipima jambo hilo mchana kutwa, kana kwamba kuna mtihani. Nesi alikuwa amesoma. Lakini mama alikuwa amelea watoto wanane wakakua, na mimi mmoja wao. Mtoto alikuwa ananuka jasho na dawa na anataabika. Ndani ya kikapu mama alikuwa ameweka majani ya mwarobaini nimtandikie chini ya mkeka. Nikayatazama yale majani kwa muda, nikashuka, nikayachemsha, nikayaacha yapoe, nikamwogesha nayo taratibu pale chini ya dungu. Alifumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike kumwona ametulia.

Jioni yake mama alipokuja kuchukua vyombo nikamwambia kutoka mbali.

"Mama, nimemwogesha! Kwa mwarobaini!"

Nikamwona amejishika kiuno.

"Ya moto au ya baridi?"

"Vuguvugu!"

"Aah," akasema. "Hayo si maji hayo, ni dawa. Mwogeshe tena kesho."

*

Dawa ya kujikuna hatukuipata kwa mtu. Ilikuja yenyewe, asubuhi moja nilipokuwa chini nakoroga uji na kundi la kwelea likatua upande wa mtoni, wengi kama vumbi. Nilianza kupanda ngazi nikiwa na mwiko mkononi. Kabla sijafika juu, makopo yakalia, tena kwa fujo, na kundi zima likaruka. Nilipofika nilimkuta mtoto kashika kamba kwa mikono miwili, kajikaza, ulimi nje.

"Nilikuwa nawashwa," akasema, kama anayejitetea.

"Ukavuta kamba?"

"Nimewavuta ndege."

Nikamtazama shingoni, mahali alipozoea kujikuna. Palikuwa pazima. Nikamwambia, "Basi ukiwashwa tena, vuta."

Kisha nikaingiwa na mashaka, kama kawaida yangu. Mgonjwa hupumzika, na mimi nampa mgonjwa kazi ya shamba? Watu watasema nini? Nikaweka masharti: akae, asisimame, avute kwa mkono mmoja mmoja, akichoka aache. Lakini yeye hakuwa na habari na masharti. Kamba ya upande wa mtoni aliipa kazi ya kuwashwa mgongo, ya upande wa njia kazi ya kuwashwa tumbo, na akikosea ananisahihisha mimi. Akianza kuwashwa mwili mzima alikuwa anavuta kamba zote, na shamba zima linalia kama harusi. Bibi jirani alikuwa anapiga kelele, "Mwali, leo umezidiwa?" na mtoto anajibu, "Tumbo!"

Nasema kweli, msimu ule ndege hawakufaidi kitu kwetu. Wala hakuna aliyejua, isipokuwa bibi jirani, kwamba mpunga ule ulilindwa na ngozi ya mtoto inayowasha. Homa ilishuka. Malengelenge ya kifuani yakaanza kunywea na kuwa magaga. Nilikuwa nakagua kila asubuhi na kila jioni, ninaanzia utosini nashuka mpaka nyayoni, na nikipata jipya naanza tena kutoka utosini. Yaliyobaki na maji yalikuwa ya mwisho mwisho, kwenye viganja na miguuni.

Ndipo dada akaja.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi namenya muhogo, nikamwona mtu anakuja kwa njia ya kisikini, anatembea polepole, mguu mmoja kwa hadhari. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Mzazi wa kwetu hatoki nje kabla ya arobaini, na yeye arobaini yake ilikuwa bado mbali. Mbaya zaidi, kifuani alikuwa amebeba kichanga, kakifunika. Asingeweza kukiacha, maana kilikuwa kinanyonya.

Nilitupa muhogo nikakimbia, nikamkuta amekipita kisiki.

"Dada, hapo hapo!"

"Niondokee."

"Dada, tafadhali. Bado ana vyenye maji."

"Kwenye macho?" akauliza, na sasa niliona uso wake umevimba kwa kulia. "Niambie kweli. Kisimani wanasema zimemwingia machoni, kapofuka, nyinyi mnanificha kwa sababu mimi ni mzazi. Mama namuuliza, ananiambia kula uji. Wewe mama akikuuliza unahutubia. Nimekuja kuona kwa macho yangu."

"Anaona vizuri, dada. Naapa."

"Basi nipishe."

Yeye ni mkubwa kwangu. Alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, alinifua, alinipiga, alinilipia nauli ya kwenda sekondari. Sijawahi kumwambia simama akasimama. Nilifungua mikono yangu miwili nikaziba njia, na yeye akanisukuma kifuani kwa mkono ule mmoja aliokuwa nao huru.

"Ulikuwa unajikojolea mimi nakubadilisha! Leo unanizuia kwa mwanangu?"

"Nakuzuia, dada," nikasema. "Nipige, lakini hupiti."

Nyuma yangu nikasikia, "Mama! Mama!" na mti wa ngazi ukalia. Mtoto alikuwa anashuka. Nikaona jambo lote linanivunjikia mikononi: yeye anakimbia kuja, mama yake anakimbia kwenda, na kichanga kiko katikati. Huwa nikikabiliwa na jambo nafikiri njia kumi na kuzikataa zote. Siku ile ilikuja moja tu.

"Panda juu!" nikamgeukia mtoto kwa sauti ambayo sikuijua. "Panda, simama mlangoni, mwambie mama unaona nini!"

Alisita, mguu hewani. Kisha akapanda. Akasimama mlangoni pa dungu, madoadoa matupu, kashika nguzo.

"Mwambie mama kavaa nini!"

Palikuwa na umbali wa kutosha pale. Mtoto akakunja uso dhidi ya jua.

"Mama kavaa kanga ya bibi!"

Dada akajitazama. Kweli, katika kutoroka alikuwa amevuta kanga ya mama kutoka kwenye kamba ya kuanikia.

"Ile yenye kiraka!" mtoto akaongeza. "Bibi atakugombeza!"

Dada akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio. Akakaa chini pale pale njiani, kwenye majani. Nikampazia mtoto sauti tena: "Na mtoto mchanga unamwona?"

"Namwona kofia! Nyekundu!" Akainama mbele kutazama. "Mama, mbona mdogo hivyo?"

"Atakua," dada akamjibu kwa sauti, akijifuta macho kwa ile kanga ya watu. "Na wewe ulikuwa hivi hivi."

"Mlete!"

"Mjomba wako anakataa."

"Mjomba anakataa kila kitu! Hata kujikuna anakataa!"

Walizungumza hivyo kwa kitambo, mmoja juu dunguni, mmoja chini njiani, na mimi katikati nimesimama kama mwamuzi wa mpira. Mtoto alimwonyesha mama yake kamba zake. Alizivuta zote moja moja akieleza ipi ya wapi. Mwisho dada akainuka kwa shida, akakifunika kichanga vizuri.

"Viganja tu ndivyo vilivyobaki?" akaniuliza.

"Viganja na miguu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuniambia ahsante na hakuniomba radhi. Alinisogezea kola ya shati, aliyokuwa ameivuruga yeye mwenyewe, akageuka akaenda. Bibi jirani, ambaye alikuwa ameyatazama yote kutoka dunguni kwake bila kutia neno, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaniita.

"Mtani!"

"Naam, bibi."

"Leo umekuwa mjomba."

Nimeambiwa mambo mengi mazuri baada ya hapo na watu wenye vyeo. Sidhani kama kuna lililonikaa kama hilo.

*

Gaga la mwisho lilianguka lenyewe, kwenye kisigino. Sikuridhika. Nikampeleka zahanati, nesi akamgeuza huku na huku, akasema mtoto mzima kabisa, kisha akaniangalia mimi na kuuliza kama nami nalala vizuri.

Tulipopita shambani kuchukua mkeka, bibi jirani alikuwa ameshashuka. Alikuwa na makopo mawili mkononi. Akasema mwali hatoki ndani kimyakimya kama mwizi, hata akiwa Mmatumbi. Akatangulia mbele anagonga makopo na kuimba, kina mama wa mashamba ya njiani wakachomoza kwenye madungu yao kuuliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka, wakapiga vigelegele, wawili watatu wakafuatana nasi. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, amevaa gauni safi, shingo kainyoosha. Hakukataa tena kuwa mwali. Nami nilitembea katikati ya kelele zile nikiwa nimebeba mkeka, sufuria na mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka chuo sikujiuliza watu wananionaje.

Nyumbani mama alimpokea mlangoni, akamwosha mikono kwa sabuni mara mbili kwa ajili yangu, maana alinijua. Dada alikuwa amekaa kitandani. Walikumbatiana mpaka nikatoka nje kidogo.

Siku zilizofuata kichanga nilikichungulia kila asubuhi. Nilikuwa napita kama mtu mwenye shughuli zake, nafunua shingo, natazama nyuma ya masikio, tumboni, kwenye mikunjo ya mapaja. Niliuliza zahanati ugonjwa huchukua muda gani kujitokeza, nikangoja mpaka muda huo ukapita, nikaongeza na wangu. Ngozi ilikuwa safi. Laini, nyeusi, haina hata doa.

Asubuhi moja dada alinifumania nimeinama juu yake.

"Unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Hana kitu," akasema. "Hatapata kitu. Kaa chini umpakate."

Nikasema sijui kushika watoto wadogo hivyo. Dada akacheka, akanipa kwa nguvu. Nikakaa kwenye mkeka, mabega yamenikakamaa, naogopa kupumua. Mpwa wangu akaja mbio, akanisogezea kiwiko, akaweka kiganja chake chini ya kichwa cha mdogo wake, kiganja kile kile ambacho nilikuwa nakikagua asubuhi na jioni.

"Mjomba, kichwa!" akanigombeza. "Shika kichwa! Hivi, kama mimi."